Utabiri Una Adabu Zake

Tarehe 10 Agosti 1974 Simba na Yanga zilikutana Uwanja wa Nyamagana, hapa Mwanza, kuamua ubingwa wa taifa. Dakika ya 16 Adam Sabu akaifungia Simba. Bao likakaa. Likavuka mapumziko, likavuka kipindi cha pili karibu chote, likafika dakika tano za mwisho bila kuguswa. Mtu aliyeulizwa wakati huo bingwa ni nani angesema Simba, na angekuwa na kila sababu ya kusema hivyo. Dakika ya 87 Gibson Sembuli akasawazisha. Mechi ikaingia muda wa nyongeza, na dakika ya 97 Sunday Manara akafunga la pili. Dakika kumi zilitosha kuuhamisha ubingwa kutoka Msimbazi kwenda Jangwani.

Nawakumbusha mechi hiyo, vijana wangu wa Usagara, kwa sababu ilichezwa kwetu, na kwa sababu neno "uhakika" limekuwa jepesi mno midomoni mwetu. Pale njiapanda, magari ya Shinyanga yanapoachana na ya Sengerema na Geita, kila mwisho wa wiki yanasikika maneno yale yale: hii ya uhakika, hii weka hata nyumba, hawa leo hawatoki. Anayesema ni kijana wa bodaboda anayesubiri abiria, ni kondakta, ni muuza samaki, ni mwanafunzi ambaye bado amevaa sare. Simu ziko mikononi, mikeka ya kubashiri inapangwa. Jioni banda la mpira linajaa. Filimbi ya mwisho ikilia, wengine wanatoka wakiimba, wengine wanatoka kimya kwa sababu walichopoteza si mechi tu.

Siandiki kuwakataza kutabiri. Mpira bila ubishi wa nani atashinda hauna ladha, na nusu ya furaha yake tunaila kabla timu hazijaingia uwanjani. Baba na mwanawe wakibishana kuhusu kikosi, hapo pana mapenzi. Mafundi wawili wakitaniana kutwa nzima juu ya mechi ya watani wa jadi, siku yao inakwenda upesi. Ninachotaka kuwaambia ni kwamba utabiri una adabu zake, na adabu zote hizo zina mzizi mmoja: kabla hujamtaja mshindi, uwe umeshajiandaa kukosea. Ujiandae kwa mfuko, ujiandae kwa ulimi, ujiandae kwa moyo. Asiyejiandaa kukosea amemkabidhi mchezaji asiyemjua maisha yake yote, na mchezaji huyo hana habari.

Tazameni kwanza watu wanaopata riziki kutokana na matokeo ya mechi. Wamarekani wana mpira wao, ule wa kubeba mkononi na kuvaa kofia ngumu, na fainali yake huitwa Super Bowl. Ni mechi moja tu kwa mwaka, haina marudiano, na taifa zima husimama kuitazama. Wiki kadhaa kabla ya siku hiyo kila mtu kule ni mtabiri: wachambuzi wa televisheni, wanasiasa, wachungaji, hata wanyama wa bustani za wanyama huwekewa vyakula viwili waoneshe timu ya kushinda. Lakini wachapaji wa fulana na kofia za bingwa hawatabiri. Kabla ya mechi wanachapa za timu zote mbili. Filimbi ikilia, zile za mshindi zinavaliwa palepale uwanjani, na zile za aliyeshindwa hazionekani sokoni kwao. Kwa miaka mingi zilikabidhiwa shirika la World Vision, likazigawa kwa wahitaji katika nchi za mbali, Afrika ikiwemo. Ndiyo kusema yupo mtu katika bara letu aliyewahi kuvaa fulana inayoitangaza kuwa bingwa timu ambayo haikuwa bingwa.

Wachapaji hao wana hekima. Tarehe 5 Februari 2017 timu ya Atlanta Falcons iliongoza fainali hiyo kwa pointi 28 kwa 3, na mechi ilikuwa imeshaingia robo ya tatu kati ya nne. Wapinzani wao, New England Patriots, wakarudi kidogo kidogo, wakasawazisha, wakashinda 34 kwa 28 katika muda wa nyongeza. Haikuwahi kutokea fainali ya Super Bowl kwenda muda wa nyongeza kabla ya siku hiyo. Aliyechapa fulana za Atlanta peke yake angelala na hasara. Aliyechapa za wote wawili alifungua boksi la pili na kuendelea na kazi.

Na kampuni za kubashiri nazo, wanangu, hazitabiri. Hili nataka mlielewe kwa hesabu. Chukueni mfano wa mechi ya watani ambayo odi yake imewekwa hivi: Yanga kushinda 2.00, sare 3.20, Simba kushinda 3.60. Tuseme watu wameweka shilingi 50,000 kwa Yanga, 31,250 kwa sare, na 27,778 kwa Simba. Kampuni imepokea karibu 109,000. Yanga ikishinda, inalipa 100,000. Ikiwa sare, inalipa 100,000. Simba ikishinda, inalipa 100,000. Matokeo yoyote yale, zile 9,000 zinabaki. Kazi yao ni kupanga odi na kuisogeza fedha zinavyoingia ili wasitegemee timu yoyote. Mwenye duka hana haja ya kujua nani atashinda. Anayehitaji kujua ni wewe, na wewe ndiye usiyeweza kujua.

Sasa njooni kwenye mkeka wa timu kumi, ule unaoahidi kugeuza shilingi 1,000 kuwa pikipiki. Tufanye wewe ni hodari, kila timu unayoichagua ina nafasi 70 kati ya 100 za kushinda. Ni uhodari mkubwa huo. Lakini ili mkeka usalimike, zote kumi lazima zishinde, na nafasi ya hilo haifiki 3 kati ya 100. Katika mikeka 100 ya mtu hodari, 97 itachanika. Kuna jambo jingine ambalo limewaumiza wengi bila wao kujua. Kwa hesabu hiyo hiyo, nafasi ya kupatia timu tisa na kukosa moja ni kama 12 kati ya 100. Yaani kuchaniwa mkeka na timu moja hutokea zaidi ya mara nne kuliko kupata zote. Kijana anayelia kwamba "ni timu moja tu imeniangusha" anadhani bahati ilipita karibu na mlango wake, kwa hiyo kesho itaingia. Haikupita karibu. Mkeka umefanya kile ambacho mikeka hufanya siku zote, na timu moja iliyokosekana ni chambo cha kumrudisha dukani.

Jihadharini pia na watabiri wa simu, wale wanaouza "mechi za uhakika". Ujanja wao mmoja ni huu. Mtu anakusanya namba 1,600. Kwa nusu anatuma ujumbe kwamba timu fulani itashinda, kwa nusu nyingine anatuma kwamba haitashinda. Wiki inayofuata anawaacha 800 waliopokea utabiri uliokosea, anawagawa wale 800 waliopata sahihi. Anafanya hivyo wiki nne. Mwisho wanabaki watu 100 ambao kila mmoja ameona kwa macho yake utabiri ukitimia mara nne mfululizo. Hao 100 ndio anaowaomba fedha, nao wanatoa, na wengine wanaapa kwamba mtu yule ana kipaji. Mwaka 2010 dunia nzima ilimshangaa pweza aliyeitwa Paul, wa Oberhausen kule Ujerumani, aliyepatia mechi 8 za Kombe la Dunia, fainali ikiwemo. Kupatia mara 8 kwa kuokota tu ni nafasi 1 kati ya 256. Wanyama waliowekewa vyakula vya kutabiri mwaka ule walikuwa wengi duniani. Waliokosea hawakupata jina. Na anayekwambia ana matokeo ya mechi iliyopangwa, jiulize swali moja: mtu anayejua kesho kwa nini anahangaika kukuuzia kwa shilingi 10,000?

Kwa hiyo, adabu ya kwanza ni ya mfuko. Usiweke kwenye utabiri fedha ambayo tayari ina mwenyewe. Kijana wa bodaboda anayeendesha pikipiki ya mtu, hesabu ya bosi ina mwenyewe. Mama anayekaanga samaki, mtaji wa kesho una mwenyewe, na huyo mwenyewe ni mafuta, ni kuni, ni samaki wa alfajiri. Fedha ya kikundi cha kuweka na kukopa ina wenyewe zaidi ya ishirini. Ada ya mtoto ina mwenyewe, tena mdogo asiyeweza kuja kukudai. Na mkopo wa kausha damu una mwenyewe mbaya kuliko wote. Nimeona watu wazima wakikopa kwa simu kipindi cha kwanza wakitarajia kulipa baada ya kipindi cha pili. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 na magari ya Geita yakaacha kupanga foleni ya kivuko, njiapanda yetu ina kazi kuliko zamani. Inauma kuona jasho la kazi hiyo likivuka ziwa jioni moja bila kurudi.

Tunao mfano mzuri hapa ziwani. Mvuvi wa dagaa anajua giza linaanza lini na mwezi unatoka lini, na kwa hilo hakosei, maana kalenda ya mwezi ni elimu. Ila akisukuma mtumbwi na kuwasha taa, hajui atarudi na ndoo ngapi. Kwa hiyo mvuvi mwenye busara, kabla ya kuondoka, ameacha unga nyumbani. Hasemi "nitaleta usiku huu". Anategemea kupata na anajipanga kwa kukosa, na kwa sababu hiyo usiku mtupu unamchosha bila kumwangamiza.

Wapo watakaoniuliza: je, mzee, shilingi 500 ya kujifurahisha? Majibu ya dini mnayajua. Kwa Waislamu, Qurani imeikataza kamari waziwazi, hakuna kidogo wala kikubwa. Kwa Wakristo, makanisani kwetu inakemewa kila mara. Mimi nitaongeza la mwenendo. Fedha uliyoipata kwa jasho ina tabia ya kukufundisha uvumilivu, na fedha ya mkeka, hata ukishinda, ina tabia ya kukufundisha kudharau jasho. Aliyeshinda 300,000 Jumamosi huanza kuona nauli ya 1,000 haina maana, anamwacha abiria, anarudi kwenye simu. Hasara kubwa kuliko zote ni mkono uliosahau kazi.

Adabu ya pili ni ya ulimi. Ulimi unatabiri bure, kwa hiyo watu hudhani haudaiwi. Unadaiwa. Tarehe 6 Mei 2012 Simba iliifunga Yanga 5–0, na kwa miaka mingi kiganja kimoja kilichonyooshwa vidole vitano kilitosha kumnyamazisha shabiki wa Yanga popote nchini. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga ikaifunga Simba 5–1. Viganja vikageuka. Aliyekuwa ametania kwa kiasi miaka ile alipokea utani wa kiasi. Aliyetukana alipokea alichokipanda, mbele ya watoto wake, na hakuwa na mahali pa kulalamikia.

Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF. Mechi ya kwanza Abidjan ilikwisha 0–0 dhidi ya Stella, na kwa kuwa marudiano yalikuwa Dar es Salaam, watu walianza kusema kombe limeshafika nyumbani. Tarehe 27 Novemba 1993, Uwanja wa Taifa, Stella ikashinda 2–0. Walioumia zaidi siku ile hawakuwa wachezaji tu. Waliumia pia wale waliokuwa wamezungumza kana kwamba wanakumbuka jambo lililopita, kumbe wanakisia lililo mbele. Mwaka 1986 Tukuyu Stars ya Mbeya ilipanda daraja na msimu huo huo ikachukua ubingwa wa Bara mbele ya wakubwa wote. Tarehe 20 Oktoba 2013 Yanga ilikwenda mapumziko ikiongoza 3–0 dhidi ya Simba, na mechi ikaisha 3–3. Tarehe 8 Machi 2025 mashabiki wa timu zote walikuwa wamekwisha kutaja mabao na wafungaji wa mechi ya watani, na mechi yenyewe haikuchezwa. Iliahirishwa saa chache kabla ya kuanza, ikaja kuchezwa tarehe 25 Juni. Mpira una milango mingi kuliko tunayoihesabu tunapobishana.

Basi ukitabiri, tabiri kwa kipimo na kwa sababu. Wajifunze waliojipa kazi ya uchambuzi kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa. Watu wale wana vituo na mitambo, wamesomea mawingu, na bado wakitangaza mwelekeo wa masika husema mvua za wastani hadi juu ya wastani, au za wastani hadi chini ya wastani, kisha wanamshauri mkulima afanye nini. Hawaapi. Nawe sema: naiona Yanga kwa sababu ya viungo wake, ila Simba wana mshambuliaji anayeweza kugeuza mechi. Maneno hayo hayapunguzi raha ya ubishi. Yanakuachia mlango wa kutokea kwa heshima ukikosea, na yanamwachia mwenzako nafasi ya kuzungumza.

Na matokeo yakija, kubali kwa sentensi moja: "Mlistahili." Ukiwa umeshinda, taniana na mwenzako kadiri utani unavyoruhusu. Wazee wetu waliuwekea utani mipaka. Mtani anakucheka leo, na ukifiwa ndiye anayekuja kusimamia shughuli na kukufuta machozi kwa vichekesho vyake. Anayemcheka jirani siku ya mechi na kumkwepa siku ya msiba hajui utani, anajua matusi. Hili nalisema hasa kwa wanaume wenye nyumba. Mke wako akishabikia timu nyingine, hilo si uasi. Nyumba ambamo bao la dakika ya mwisho linakatisha chakula cha usiku ni nyumba ambayo tatizo lake halikuanza na mpira.

Adabu ya tatu ni ya moyo, nayo ndiyo ngumu. Mtu aliyetabiri kwa kiapo hawezi kukubali kwamba amekosea, kwa hiyo lazima apate wa kumlaumu. Atamlaumu mwamuzi kwamba amehongwa. Atamlaumu kipa kwamba ameuza mechi. Atalaumu uchawi. Yote haya ni madai mazito dhidi ya binadamu mwenye jina na familia, na yanatamkwa bila ushahidi kwa sababu tu mtu mmoja Usagara alisema "uhakika" na uhakika haukutokea. Kumsingizia mtu rushwa ni dhambi ile ile, awe diwani au mlinda mlango.

Juu ya uchawi, sisi Wasukuma tuna shule ya zamani. Vyama vyetu viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vimeshindana vizazi kwa vizazi. Baada ya mavuno, makundi mawili huingia uwanjani kwa wakati mmoja, kila moja likicheza upande wake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Kila upande umekuwa ukitafuta dawa ya mvuto, ile inayoitwa samba, ili watu wamiminike kwake. Pande zote mbili zilikuwa na dawa, na kila shindano upande mmoja ulirudi nyumbani umeshindwa. Ukienda Bujora wakati wa tamasha la Bulabo utaona kinachowavuta watu: ni ngoma iliyofanyiwa mazoezi, ni nyimbo mpya, ni manju anayejua kusoma umati, ni ubunifu wa yule anayecheza na nyoka au na jembe. Aliyeshindwa na kusema "wamenizidi dawa" mwaka uliofuata alirudi na dawa nyingine na ngoma ile ile. Aliyesema "wamenizidi ngoma" alirudi na ngoma mpya. Klabu zetu kubwa zimewahi kutozwa faini kwa vitendo vya kishirikina viwanjani, na hakuna faini hata moja iliyowahi kumfundisha mshambuliaji kumalizia. Moyo unaokubali kushindwa ndio unaojifunza, na moyo unaotafuta mchawi hurudia kosa.

Wazazi wenzangu, neno kwenu. Sheria yetu inakataza mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza michezo ya kubahatisha, na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ipo kuisimamia. Lakini bodi haikai dukani kwa mangi, pale penye mashine ya sarafu inayomeza shilingi 200 za mtoto aliyetumwa chumvi. Pale tunakaa sisi. Mtoto anajifunza kubeti kwa kumtazama mtu mzima akibeti. Akimwona baba amepanga mkeka kwa nusu saa huku daftari la shule halijafunguliwa, amekwisha kuelewa kipi kina thamani. Mfundisheni hesabu ile ya mkeka wa timu kumi kwa penseli na karatasi. Watoto wetu wana akili, na mtoto aliyeihesabu mwenyewe hadanganywi tena na tangazo.

Nanyi wenye mabanda ya mpira, mna nafasi kubwa katika mwenendo wa kijiji. Mtu akianza kutukana, mrudishieni kiingilio chake atoke. Mwanafunzi mwenye sare msimpokee saa za masomo. Mkimwona kijana ameshika kichwa wakati wenzake wamekwisha kuondoka, kaeni karibu naye, muulizeni, msimwache aende peke yake. Aibu ya hasara imewahi kuwapeleka watu pabaya, na maneno mawili ya mtu mzima huweza kumrudisha.

Kwa kijana ambaye tayari ameingia ndani sana, nasaha yangu haina ukali. Mwambie mtu mmoja unayemheshimu ukweli wote wa deni, usimwambie nusu. Futa programu hiyo kwenye simu mbele yake. Fedha ya hesabu mpe akushikie kwa muda. Usijaribu kurudisha kilichopotea kwa mkeka mwingine, maana hapo ndipo shimo linapochimbwa. Kilichopotea kimeshalipwa, na kinachokuja bado ni chako. Kazi ipo, mikono ipo, na hakuna aliyeumbwa na jina la mkosa bahati.

Mechi ya watani itakuja tena, na nyuma yake nyingine, na fainali za wakubwa wa dunia zitakuja. Tajeni washindi wenu, bishaneni, vaeni nyekundu, vaeni njano na kijani. Ila kila mmoja ajiulize maswali matatu kabla hajafungua mdomo. Nikikosea, kesho asubuhi nitakuwa na nauli na unga? Nikikosea, nitaweza kumtazama jirani yangu usoni? Nikikosea, nitakubali bila kumsingizia mtu? Anayeweza kujibu ndiyo mara tatu na atabiri kwa furaha yake yote. Anayejibu hapana hata mara moja anyamaze kwanza, atengeneze hilo, ndipo aje kwenye ubishi. Mungu awabariki, awajaalie akili ya kutofautisha kinachojulikana na kinachokisiwa, na awape ujasiri wa kusema "nilikosea" kwa sauti ile ile mliyotumia kusema "uhakika".